Mteja wa Kwanza wa Twaiba

Hodi ilipobishwa, Twaiba alikuwa amesimama juu ya ndoo ya rangi, penseli ameiuma mdomoni, anapima ukutani pa kutundika kioo cha katikati. Ilikuwa Jumapili, adhuhuri, jua liko utosini. Fundi Nzai alikuwa amekwenda kutafuta chakula, na Subira, binti aliyekuwa akijifunza ususi kwa Twaiba, alikuwa bombani anateka maji.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke, sauti tulivu ya mtu mzima.

"Karibu mama, pita ndani!" akaitikia Twaiba bila hata kugeuza shingo.

Basi hapo ndipo alipojitia mashakani mwenyewe. Bibi yake wa kisiwa cha Funzi, aliyemlea, alimwambia tangu yuko mdogo: hodi ya adhuhuri, kama humwoni anayebisha, nyamaza kimya. Binadamu atabisha tena na tena mpaka ya tatu. Wale wengine hubisha mara moja tu. Twaiba aliyajua hayo vizuri, lakini alikuwa amesuka watu miaka kumi na minne kwenye saluni za Diani, na huko ukichelewa kumkaribisha mteja, ameshaingia mlango wa jirani. Kinywa kilikuwa kimezoea kuitikia chenyewe.

Alipogeuka hakuona mtu. Paliingia harufu tu, ya mafuta ya nazi yaliyokaa mpaka yakachacha, na nyuma yake harufu ya mwani unaooza. Twaiba akasonya, akadhani ni mteja aliyechungulia, akaona saruji, akaenda zake. Akaendelea kupima.

Na alikuwa na haki ya kuwa na haraka. Miaka kumi na minne mikono ilikuwa yake na jina mlangoni la mwenziwe. Safari hii Mzee Boga, mwenye nyumba hapa Msambweni, alikuwa amempa chumba cha pembeni kwa sharti moja: Ijumaa asubuhi mlango uwe wazi, mjukuu wake Mwanasha apambwe humo ndani kwa ajili ya harusi yake. Ijumaa ikikuta vumbi, chumba anapewa mwenye bucha, ambaye alikuwa ameshakuja mara mbili kutazama pa kufunga kulabu za nyama. Twaiba alikuwa amekwisha kuaga kazi Diani. Akikikosa chumba hiki atarudi kule kumpigia magoti mwajiri wake wa zamani, na heri afe.

Saluni yenyewe alikuwa ameichora kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Vioo vitatu virefu. Viti vitatu vya kukanyaga pedeli vikapanda juu. Beseni la kuoshea nywele, vigae vyeupe, kuta za rangi ya waridi. Mkeka hakutaka kuuona humo. Mikeka alikuwa ameikalia utotoni, akisuka shangazi zake uani mpaka miguu ikafa ganzi, inatosha. Hata Subira, Twaiba alimpa mafunzo ya kisasa. "Mteja akitoka," alimwambia, "mwambie karibu tena, uje na wenzako. Hata kama amenuna. Nikikusikia umenyamaza, tutakosana."

"Nimesikia, dada," akasema Subira.

Jumatatu asubuhi Twaiba alifungua kufuli akakuta vioo vyote vitatu vimegeuzwa, uso ukutani, mgongo nje. Havikuwa vimeegemezwa tu. Vilikuwa vimefungwa kwa skrubu zake zote, zimekazwa barabara.

"Nzai! Hebu njoo unieleze, hii ndiyo nini?"

Fundi Nzai akaja, akatazama, akavua kofia. "Dada Twaiba, jana niliviacha vikitazama watu. Wewe mwenyewe ulichanua nywele humo."

"Kwa hiyo vimejigeuza?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Basi sema unachosema, maana mimi nina siku nne, sina siku arobaini!"

Nzai alichukua bisibisi akavigeuza kimoja kimoja, na asubuhi nzima ikaliwa hapo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulilala chini ya mto wa Twaiba.

Jumanne vikawa viti. Vilikuwa vimeshushwa mpaka mwisho, kisha vikang'olewa miguu, makalio yake yakakaa juu ya vigae kama mito ya sebuleni. Na kwenye saruji mbichi aliyoijaza Nzai jana yake jioni, mbele ya beseni, palikuwa na nyayo. Ndogo, za duara, zimepasuka katikati.

Mzee Boga akaitwa. Twaiba akamwamkia shikamoo kwa meno yaliyokazana, mzee akaitikia marahaba, akainama na bakora yake akachunguza.

"Mbuzi," akasema.

"Mzee, mlango ulikuwa na kufuli."

"Mbuzi wa siku hizi hawana adabu. Lakini Ijumaa ni Ijumaa, mwanangu. Mimi maneno ya mbuzi sitamwambia bibi harusi." Akaondoka.

Nzai alikuwa bado amechuchumaa. Akasema polepole, "Dada, hebu tazama mwendo wake. Huu hapa, na huu hapa. Mbuzi gani anatembea kwa miguu miwili?"

"Ziba hayo mashimo, na viti uvifunge tena miguu," akasema Twaiba. Alikuwa na hasira mpaka machozi yanamlenga. Hofu ilikuwepo pia, lakini aliikalia juu. Ana kazi ya kufanya, Mola wake anajua, na kila akipiga hatua moja mbele kuna kitu kinamrudisha mbili nyuma, tena bila hata kuomba radhi.

Jumatano adhuhuri wote watatu walikuwa kibarazani, wanakunywa maji, mlango wameurudisha. Ndani pakasikika tak. Kimya. Tak, tak. Kitu kigumu kikitembea juu ya vigae bila haraka, kikisimama, kikienda tena. Halafu ikasikika pumzi ya kiti kinaposhuka, ile hsss, moja. Kisha ya pili. Kisha ya tatu.

"Hakuna mtu humo ndani," akanong'ona Subira.

"Najua hakuna mtu," akasema Twaiba, akausukuma mlango.

Chumba kilikuwa kitupu, viti viko chini, harufu ya mafuta yaliyochacha imejaa mpaka inakaba koo. Lile beseni lilikuwa halijaungwa na bomba bado, lakini lilikuwa na maji, na kwenye tundu lake palichungulia unywele. Subira, kwa upumbavu wa ujana, akaushika akauvuta. Ukaja. Akavuta, ukaja, akarudi nyuma hatua kwa hatua akiuvuta, akapita mlangoni, akashuka kibarazani, akafika karibu na barabara, na unywele bado unatoka.

"Uachie!" Twaiba akapiga ukelele.

Nzai akaweka mwiko wake chini taratibu. "Mimi namfuata Mwalimu Amin," akasema. "Na asipokuja, na mimi usiningoje."

Mwalimu Amin hakuwa na kilemba wala ndevu za kutisha. Alikuwa fundi wa redio, tena mtu mwenye kusomea watu dua, na watu walimtafuta kwa yote mawili. Alikuja na bisibisi bado mfukoni. Subira akatumwa nyumbani. Mwalimu akasimama katikati ya chumba, akanusa, akatazama vioo vilivyorudi kutazama ukuta, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani alimkaribisha?"

Twaiba akataka kukana, ndipo Jumapili ikamrudia yote, ndoo, penseli na hodi moja. "Ni mimi," akasema. "Sikugeuka."

"Aa, Twaiba! Wewe uliyelelewa na bibi?"

"Ni mazoea ya kazi, Mwalimu. Msomee atoke, nakuomba."

"Kusoma nitasoma. Lakini mvamizi ndiye anayefukuzwa. Huyu alibisha akaitikiwa. Akiniuliza amekosa nini, nitamjibu nini?"

"Basi anataka nini kwangu?"

Mwalimu akamtazama kana kwamba anasema na mtoto. "Wewe unauza nini hapa?"

Twaiba akavitazama viti vyake, vyote vimeshuka.

"Anataka kusukwa," akasema Mwalimu. "Tangu Jumapili anatafuta pa kukaa. Vioo havimfai, hajioni humo. Viti vyako virefu, hajavizoea. Yeye ni wa mkeka. Kesho saa hizi hizi mtandikie, chukua chanuo la mti na mafuta ya nazi, umsuke umalize. Usimtazame kuanzia kiunoni kwenda chini. Na akiinuka, mwambie kwaheri. Kwaheri tu. Usije ukamwambia karibu tena, hata ukiona haya."

Alhamisi Twaiba alimtuma Subira Ukunda kununua pini na maua ya nywele, makusudi, ili asiwepo. Nzai akabaki ng'ambo ya barabara, mlango ameupa mgongo. Mkeka aliuazima kwa shangazi yake, akautandika juu ya vigae vyake vyeupe, na moyo ulimuuma kuuona pale. Akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, magoti ameyapanua, akangoja jua lifike utosini.

Hodi ikabishwa mara moja.

"Karibu," akasema.

Tak, tak, tak, mpaka mbele yake, kisha baridi ikaketi katikati ya magoti yake. Hakukuwa na uzito, ila mkeka ulibonyea. Mikononi zikamwagika nywele nyeusi, mbichi, nzito, zinanuka mwani, na Twaiba akafumba macho akatia mafuta akaanza kugawanya njia, kwa sababu kazi ni kazi na vidole vilikuwa vinaijua hata kama yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka mpaka kigoda kinagonga ukuta, akasuka butu la kwanza, msuko wa kizamani aliofunzwa na bibi yake Funzi, akasuka la pili, la tatu, na kila alipodhani amefika nchani nywele zilizidi kutoka, zikamzunguka vifundo vya miguu, zikapanda mapajani, zikajikunja juu ya vigae mpaka ukutani na kurudi, na yeye anasuka, anasoma kimoyomoyo, anasuka, jasho linamwingia machoni na baridi inamwingia mifupani, na huko nje dunia yote ilikuwa imenyamaza, hakuna gari, hakuna kunguru, hakuna hata sauti ya Nzai anayekohoa siku zote.

"Umekaza," ikasema ile sauti.

"Samahani, mama." Akalegeza.

"Hapo sawa." Kisha baada ya muda mrefu, "Mkono wako mwepesi. Wa mwisho kunisuka alikuwa wa Funzi."

Twaiba hakuuliza ni nani. Alifunga butu la mwisho, akapaka mafuta, akaondoa mikono. Maneno yalikuwa yamekwishamjaa mdomoni yenyewe, karibu, karibu, akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Kwaheri, mama," akasema.

Kimya kikakaa kama mtu anayengoja aongezewe neno. Halafu tak, tak, tak, mlango ukafunguka, ukafungwa. Harufu ikakatika. Twaiba akalala kifudifudi juu ya mkeka akalia kwa sauti, kwa furaha na kwa hasira ya siku zote tano.

Nzai alifanya kazi mpaka usiku akiimba. Viti vikapanda, vioo vikatazama watu, beseni likaungwa. Ijumaa asubuhi jina la Twaiba lilikuwa juu ya mlango kwa herufi nyekundu, na Mzee Boga mwenyewe alimleta Mwanasha, akazunguka chumba, akagonga vigae kwa bakora, akasema, "Mwenye bucha nitamwambia atafute kwengine." Kisha yeye, Nzai na Mwalimu Amin wakaenda msikitini mapema kwa swala ya Ijumaa. Wakabaki wanawake watatu.

Mwanasha alikuwa juu ya kiti cha katikati, nywele nusu zimeshapambwa, nusu bado. Subira alikuwa anampa pini Twaiba moja moja, anapiga soga.

"Dada, mimi nadhani mabutu yatarudi. Yule mama wa jana alipendeza, jamani."

Mkono wa Twaiba ukasimama. "Mama gani?"

"Uliyemsuka. Nilirudi mapema, nikapishana naye hapo kibarazani. Mabutu mpaka magotini! Lakini alikuwa kama amenuna, amesimama anangoja kitu."

"Subira. Ulimwambia nini?"

Subira akatabasamu kama mwanafunzi anayejua jibu. "Kama ulivyonifunza. Karibu tena, mama, uje na wenzako. Akafurahi huyo!"

Kutoka msikitini ikaja adhana. Ilipokwisha, barabara ikanyamaza, gari na kunguru na yote, na ndani ya harufu ya marashi ya bibi harusi ikapenya harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Subira akafungua kinywa. Twaiba akamziba kwa kiganja.

"Hodi," ikasema sauti nyingine, ya kijana zaidi.

"Hodi," ikasema ya kikongwe.

"Hodi." "Hodi." Zikaja moja moja, kila moja mara moja tu, zimejipanga tangu mlangoni mpaka barabarani, na kila moja si ile iliyotangulia.

"Dada," akasema Mwanasha, "wateja hao, mbona huwakaribishi?"

Skrubu ya kioo cha kwanza ikaanza kuzunguka polepole. Ikafuata ya pili. Kisha viti vikashusha pumzi, hsss, cha kushoto, hsss, cha kulia, na mwisho kile cha katikati, pamoja na bibi harusi aliyekaa juu yake, akashuka, akashuka, mpaka magoti yake yakafika usawa wa kifua.

Twaiba akautazama mlango wake, jina lake liko nje yake. Akamwachia Subira kinywa.

"Hao ulishawakaribisha," akasema. Sauti haikuwa yake. "Kimbia uani kwa shangazi. Lete mikeka yote."