Msomajani katika Shamba la Mligo

Msomajani alitembea kwa miguu yake sita ya chuma katikati ya mitufaha, akinyofoa jani hapa, jani pale. Kila jani alilitafuna kwa sekunde tisa, akasoma jeni zake zote, kisha akahukumu. Taa ya kijani ikiwaka, mti unaishi. Ikiwaka nyekundu, msumeno wa mwali wa mwanga unaukata papo hapo, na sindano inadunga kisiki sumu ya kuua mpaka mizizi. Asubuhi hiyo, vilimani Njombe, taa ya kijani haikuwaka hata mara moja.

Mwenye kuuongoza mtambo huo, Daktari Edda Kaduma, alikuwa ameisaka jeni ya kinga kwa miaka kumi na moja. Ugonjwa wa mnyauko mweusi ulikuwa umefagia mashamba ya nyanda za juu, na mitufaha-mwitu iliyoletwa kutoka milima ya mbali ilihimili misimu miwili tu. Sasa amri ilikuwa moja: mti usio na kinga ukatwe. Aliingia shambani bila hata kumwamkia mwenye shamba, na kwa umri wa mzee huyo hilo lilikuwa tusi.

"We binti, simamisha hicho kidude!" alifoka Mzee Wikechi Mligo. "Miti yangu haijaugua hata siku moja. Nisikilize kwanza."

"Mtambo haukosei, Mzee. Kaa pembeni."

Mzee akakaa pembeni, akaitazama miti yake arobaini na mitatu ikilala chini mmoja mmoja.

Ulipoanguka wa mwisho ndipo Edda alipoinama kuyaangalia matawi. Hayakuwa na doa. Shamba zima halikuwa na doa, ilhali majirani wote walishabaki na miti mikavu ya kuni.

"Kinga yake iko wapi?" aliuliza.

"Chini. Babu alibebesha, alipachika vikonyo vya tufaha tamu juu ya mashina ya mwitu yaliyojiotea bondeni, kabla maji ya bwawa hayajalifunika bonde. Ukoo wetu wote ulibebesha hivyo, na yalikuwa yamebaki haya tu. Huyo mdudu wako anajua majani tu."

Edda akakibana kinywa cha Msomajani kwenye gome la chini la kisiki. Taa ikawaka kijani, ikakolea kuliko alivyowahi kuiona. Kinga kamili! Lakini jeni iliyosomwa haiwi mche. Alihitaji kipande cha mzizi ulio hai, na sumu ingemaliza kazi yake ndani ya robo saa.

"Nipe jembe, Mzee. Nakuomba sana. Ni kwa ajili ya wakulima wote."

"Jembe ninalo," alisema Mzee Wikechi. "Sikupi."

Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Edda alimchukia mzee yule, akajichukia mwenyewe zaidi. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kucha. Mzizi wa kwanza aliouvuta ulikuwa umeshakuwa mweusi. Akahamia kisiki cha pili.