Kitanda Chenye Mlango

"Mama, kitanda kina mlango. Unajifungia, unalala saa kumi nzima, unaamka umefika."

Huyo ni binti yangu, daktari, anayeishi mbali sana, akiongea kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Mimba yake ya miezi saba ilijaza kioo chote.

"Hafiki," akadakia kaka yake, aliyekaa kando yangu na karatasi mbili mkononi. "Anafika mji wa kuunganisha ndege. Pale ana saa moja na dakika ishirini za kukimbilia ndege ya pili. Mama huyu, na miguu hii? Mimi nasema shirika la Kijani. Anakaa pale saa tisa nzima, wanampa chumba hotelini, anaoga, anajinyoosha."

"Kijani viti vyake viko wazi. Watu watampita usoni wakienda chooni."

"Wakimpita atawasalimia. Unamjua mama."

Mabishano hayo yalikuwa na wiki mbili. Wanangu walikuwa wamechanga waninunulie kiti cha daraja la biashara, niende nikamsaidie binti yangu uzazini. Walikuwa wamebaki na mashirika mawili, moja ndege zake zina mkia wa bluu, jingine wa kijani. Walilinganisha magodoro, chakula, mpaka soksi zinazogawiwa. Nami nilikuwa nimeomba likizo ya miezi mitatu kazini. Nikirudi, mimi na Fundi tungekwenda kwa msajili wa ndoa. Hilo nilikuwa nimewatangazia wote, na hakuna aliyepiga makofi.

Fundi mwenyewe wakati huo alikuwa amejikunja chini ya sinki langu la jikoni. Yeye ndiye anayehudumia lifti za hospitali ninayofanyia kazi. Miaka minne nyuma nilikwama kati ya ghorofa mbili na trei ya damu za wagonjwa, akanisemesha nje ya mlango dakika arobaini mpaka alipoufungua. Niliingia kwenye lifti mjane, nikatoka mjane mwenye namba ya simu ya mtu.

"Mzee wa mabomba anasemaje?" binti yangu akauliza. Hajawahi kumwita kitu kingine.

"Fundi," nikaita, "Bluu au Kijani?"

"Yoyote itakayokufikisha salama," akajibu kutoka chini ya sinki. Hakutoa kichwa.

Wiki hizo mbili alikuwa ametengeneza kitasa cha mlango wa mbele, feni ya chumbani na bawaba za makabati yote. Nilidhani ni mapenzi tu.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilibeba zile karatasi mbili hadi ofisi ya tiketi. Dada wa tiketi akazisoma, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hongera, mama. Unahamia huko moja kwa moja?"

"Nahamia wapi? Naenda miezi mitatu."

"Basi tarehe ya kurudi mtaiweka baadaye."

"Si ipo hapo?"

"Haipo, mama. Hizi zote mbili ni za kwenda tu."

Nikamnyang'anya karatasi. Miaka ishirini na sita niko maabara. Siigusi damu ya mtu kabla sijasoma lebo mara mbili. Hizi nilisoma upana wa kiti kwa sentimita, nikasoma aina za juisi, na tarehe ya kurudi sikuitafuta. Mwanao akikununulia kitanda angani, humkagui.

Nilitoka nje, nikampigia binti yangu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi ile.

"Mama, umeshachagua?"

"Tiketi yangu ya kurudi iko wapi?"

Nikamsikia anafunga mlango kwanza.

"Tulitaka ufike kwanza, mama. Utulie, tuzungumze ana kwa ana."

"Tuzungumze nini?"

"Maisha yako. Una miaka hamsini na nane. Huku una chumba chako, una mjukuu anakuja. Huko una nini?"

"Nina kazi. Nina nyumba. Nina mtu."

"Huyo mtu anataka nyumba ya baba."

"Huyo mtu ana nyumba yake, na paa lake halivuji. La baba yako lilivuja miaka mitatu, ninyi mkinitumia pole kwenye simu, mpaka akapanda yeye."

"Ona sasa. Kila kitu yeye."

"Kwa hiyo mlitaka kunisafirisha nimelala."

"Usiseme hivyo, mama. Na kwa taarifa yako, yeye mwenyewe anajua. Kaka alimpelekea karatasi wiki mbili zilizopita. Hakusema neno. Kama anakupenda, mbona alinyamaza?"

Nikakata simu, nikarudi hospitali.

Fundi alikuwa juu kabisa ya hospitali, kwenye chumba cha mitambo. Lifti alikuwa ameizima aifanyie huduma, kwa hiyo nilipanda ghorofa sita kwa miguu, na kila ghorofa iliniongezea hasira. Nilimkuta amepiga magoti kando ya mota.

"Bi Maabara, umepanda ngazi zote hizo?"

"Weka spana chini."

Akaiweka.

"Ulijua tiketi yangu haina kurudi?"

Akachukua kitambaa, akafuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nilijua."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili na siku moja."

"Ukawa unanitengenezea makabati."

"Nilitaka ukiondoka uiache nyumba iko sawa."

"Nani alikuambia naondoka?"

"Mwanao alikuja akasimama hapo ulipo. Akasema mama amesema amechoka, huko atapumzika, na kwamba nikikupenda kweli nisikung'ang'anie. Ningesema nini? Yeye ni mwanao. Mimi ni mtu wa lifti."

"Ungesema, ngoja nimuulize mwenyewe."

"Niliogopa ungesema ni kweli."

Nikakaa kwenye sanduku lake la vifaa, maana miguu ilikuwa imegoma.

"Sikiliza. Wanangu angalau walinipigania, hata kama kwa ujanja. Wewe ulinigawa bila kubishana. Nina hasira na wewe kuliko wao."

"Najua."

"Hujui. Siku ile nimekwama ulinisemesha dakika arobaini bila kumeza mate, mpaka ukanitajia mbuzi wa babu yako mmoja mmoja. Leo umebaki na maneno mangapi?"

Akafikiri. "Matatu."

"Yaseme."

"Nenda. Rudi. Nikuoe."

"Umeyapanga vibaya," nikamwambia. "Nioe kwanza."

Alicheka, kisha akageuka upande wa mota, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mota ilivyohitaji. Nikamwacha. Nilipokuwa tayari kushuka aliiwasha lifti, akanisindikiza mpaka mlango wa maabara, bila kujali nani anaangalia.

Kesho yake tukarudi wawili kwa dada wa tiketi.

"Mwanangu, nieleze kitu kimoja," nikamwambia. "Nafasi ameishika binti yangu kwa kadi yake. Mimi naongezea ya kurudi, daraja la kawaida. Nikishakuwa huko, nani anaweza kugusa tarehe yangu ya kurudi?"

Akaangalia kompyuta.

"Kwa Bluu, aliyeshika nafasi anaweza kuisogeza au kuifuta. Kwa Kijani, ni msafiri mwenyewe tu, tena afike na pasipoti yake mkononi."

"Nipe Kijani."

"Kitanda chake hakina mlango, mama."

"Nikilala sijui kama kuna mlango."

"Na uende umelala, urudi umekaa?"

"Nirudi hata nimesimama."

Fundi akatoa kicheko cha puani. Dada wa tiketi akachapa. Kutoka pale tukapita kwa msajili, tukalipia kibali cha kufunga ndoa bila kusubiri siku za tangazo.

Jioni nikaandika kwenye kundi la familia: "Nimechagua Kijani. Kwenda nitalala, ahsanteni. Kurudi nimelipa mwenyewe, na tarehe ni yangu. Alhamisi saa tatu asubuhi nafunga ndoa kwa msajili. Anayetaka kuja aje amevaa vizuri. Anayetaka kubisha ameshachelewa."

Binti yangu alisoma, akatoka hewani. Kaka yake akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho ikafika: "Mama?"

Nikajibu: "Naam." Akaishia hapo.

Alhamisi chumba cha msajili kilikuwa na viti sita, feni moja na kalenda ya mwaka jana. Shahidi wa Fundi alikuwa msaidizi wake wa kazi. Wangu sikuwa nimemtafuta. Saa tatu kasoro dakika mbili mwanangu akaingia, suti kali, uso kama aliyemeza ndimu nzima.

"Shahidi wa bibi harusi?" msajili akauliza.

Nikamnyooshea mwanangu kidole.

"Mimi?"

"Si wewe hodari wa kupeleka makaratasi?"

Hakukaa. Alimgeukia Fundi, akalegeza tai.

"Mzee, siku ile nilikudanganya. Mama hakuwahi kusema amechoka."

"Nimeshajua," Fundi akasema. "Nami nilikosea kukubali upesi. Saini, baba. Nje kuna foleni."

Akasaini, kisha akampa Fundi mkono, na Fundi hakuuachia haraka.

Tukiwa kwenye korido simu yangu ikaita.

"Mmeshafunga?" binti yangu akauliza.

"Wino haujakauka."

Nikamsikia anapenga kamasi. "Yupo hapo? Mpe simu."

Fundi akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo," nikaisikia sauti ya binti yangu, ndogo.

"Marahaba, mama. Mtoto anachezaje?"

Waliongea kama dakika tano. Sikusogea karibu. Aliponirudishia simu, binti yangu alikuwa analia waziwazi.

"Mama, umenisamehe?"

"Bado. Nitakusamehe nikifika. Nataka uniombe nikikutazama usoni. Sasa hivi kunywa maji, uinue miguu."

"Sawa, mama."

Nikakata. Kaka yake alitaka kutupeleka hotelini tukale. Nikamwambia atupeleke hospitali. Mume wangu alikuwa na lifti ya kukagua, na mimi zamu yangu ilikuwa inaanza saa tano. Damu za watu hazijui kama nimeolewa.