Buni Waliyomeza Mababu

Wiki ya mitihani duka la fotokopi la Kokwijuka, pale Bilele, lilijaa wanachuo hadi mlangoni. Datius, mhadhiri kijana, mrefu, mwenye shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi, akamsogezea karatasi za utangulizi wa sosholojia.

"Sosholojia ndiyo mdudu gani, mwalimu?"

"Tazama foleni hii," alisema Datius. "Wapo wataalamu watakaokwambia ipo kwa sababu inaleta utulivu. Wengine watauliza ni nani anayepita bila kupanga. Sisi wengine tunasema watu wenyewe ndio walioipa maana, na wakitaka wataiondoa."

"Basi nikuhudumie wewe kwanza?"

"Tutakuwa tumeanzisha jamii yetu wawili, mrembo."

Foleni nzima iliguna. Kokwijuka alicheka, na tangu siku hiyo hakupona. Kila jioni simu haikukauka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

Mwaka haukuisha, Datius akaenda Buganguzi kujitambulisha, amevaa koti la kuazima. Mzee Bartholomayo, baba yake Kokwijuka, alimuuliza babu yake ni nani. Aliposikia jina la Kyaruzi, uso ukamshuka.

"Babu yako na baba yangu walifanya omukago. Walichanjana tumboni, kila mmoja akameza buni yenye damu ya mwenzake. Ninyi ni ndugu. Mkioana, watoto watakufa."

Datius aliaga kwa adabu, akaondoka bila kumtazama mchumba wake. Masikini Kokwijuka, alidhani ni heshima tu kwa mzee. Mtu anayefundisha darasa zima kwamba mila zimetengenezwa na watu atatishwaje na buni?

"Tata, nitaolewa naye."

"Ukivuka mlango huu kwa ajili yake, usirudi hata kunizika."

Akavuka. Mama yake alilia jikoni, asithubutu kumfuata. Barabarani, kati ya migomba, akiwa bado na gauni jipya la kitenge, alimpigia Datius simu.

"Mpenzi, nimemwacha baba. Nakuja."

"Kokwi... na hao watoto wakifa kweli?"

"Si wewe unayefundisha kwamba..."

"Nafundisha, ndiyo. Nisamehe. Naogopa."

Simu ikakatika. Kokwijuka aligeuka kutazama nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa, na baba yake hakuwahi kurudisha neno alilolitamka. Alilia kwa sauti, hakujali wapita njia, mpaka bodaboda mmoja akasimama.

"Dada, unakwenda kwa nani?"

"Nipeleke stendi tu," alisema.