Taa Iliyobaki Kisimani

Simiti mbichi haiachwi ipigwe na jua bila maji. Ndiyo maana Ijumaa ile jioni fundi Wekulo alitoka kwake Kianda kwa miguu hadi Kawangware, kumwagilia mfuniko wa kisima alichokiziba Jumanne katika ploti ya Mama Waruguru. Mvua za El Nino zilikuwa zimechanganya vyoo na visima, na bwana afya alikuwa ameamuru visima vizibwe.

Kuziba kisima kuna utaratibu, na Wekulo aliujua kama jina lake. Kwanza unateremsha taa kwa kamba. Ikizimika, hewa ya chini ni mbaya, usishuke. Ikiendelea kuwaka, unashuka, unatoa kila kilichomo, unatia dawa, ndipo unajaza kokoto na kufunika kwa zege.

Jumanne, taa iliwaka.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine Riruta, na wenyewe walikuwa wakimngoja. Akaanza kuivuta taa haraka haraka. Kamba ikakaza. Halafu ikavutwa... kutoka chini. Polepole. Mara tatu.

"Ni mzizi," alijiambia.

Akaiachia kamba na taa yake. Akamwaga mikokoteni sita ya kokoto.

"Ulishuka, fundi?" Mama Waruguru alimuuliza jioni hiyo ya Jumanne.

"Nilishuka, mama. Hakuna kitu huko."

Siku za mwizi ni arobaini. Za Wekulo hazikufika hata tano.

Alipoingia uani na ndoo yake, alimkuta mwanamke ameinama juu ya mfuniko, anaunyunyizia maji kwa mkebe. Gauni lake lilikuwa linachuruzika. Kichwa kilikuwa wazi, nywele zimeshikana kwa tope. Harufu ya maji yaliyolala ilijaa uani.

"Nimekumwagilia, fundi," alinong'ona bila kugeuka. "Kitu yako imebaki."

"Kitu gani?"

"Taa... Si ulituachia taa?"

Ndoo ilimponyoka Wekulo. Kwa kishindo hicho Mama Waruguru akafungua mlango. Uani hapakuwa na mtu. Mfuniko ulikuwa umelowa.

"Unaongea na nani, fundi? Ama umemwona Trizah, yule mpangaji wa nambari nne? Alitoka Jumanne asubuhi na mtungi, hajarudi. Bwana yake, Oluoch, amemtafuta mpaka mochari." Akashusha sauti. "Na najua kuna wenye walikuwa bado wanateka hapa kisiri, juu ya foleni ndefu ya mfereji."

Wekulo alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya simiti. Ilikuwa na joto, kama kioo cha taa.

Angeweza kunyamaza. Kokoto zingemsaidia kunyamaza. Lakini aliinua macho, akamtazama Mama Waruguru.

"Mama... sikushuka."

Vibarua walifukua siku nne. Oluoch hakubanduka kando ya shimo. Trizah hakuwemo. Hapakuwa na mfupa, wala kiatu, wala unywele mmoja. Kulikuwa na mtungi wa manjano uliopondeka, na taa ya Wekulo, kioo chake kizima chini ya kokoto zote zile. Kwenye mshikio wake kulikuwa na kitambaa cha kichwa, kimefungwa mafundo matatu.

Oluoch alikishika, akakinusa.

"Ni chake," alisema. "Alifunga ndio ukivuta, uone."

Hakumtukana. Wekulo aliona afadhali angetukanwa.

Siku hizi hapokei tena kazi za visima. Anapaka rangi nyumba za watu. Lakini jua likishazama, kiganja chake cha kulia hujikunja chenyewe, kana kwamba kimeshika kamba. Mkewe, Sella, humtolea kiti. Wekulo hukaa mlangoni, akihesabu. Mvuto wa kwanza... wa pili... Amejiapiza kwamba ukija wa tatu, safari hii atavuta kwa nguvu zake zote.

Wa tatu haujawahi kuja.