Usizibe Ukiwa Umeitika

Ijumaa ni siku yangu ya kuziba ekzosi, mabomba ya moshi ya pikipiki. Sisi Wasabato wa Gesima kazi inakoma jua likizama, na gundi ya kuvumilia joto nayo inataka kupumzika ndipo ikamate. Kwa hiyo naziba Ijumaa, Sabato naenda kanisani, gundi inakauka yenyewe, na Jumapili pikipiki inawaka bila kupumulia pembeni. Mteja akinikimbiza namwambia akatafute fundi mpagani.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimeshanawa mikono. Kilichobaki ni kumwita mke wangu, Linet. Kibanda changu kiko barabarani, nyumba iko ng'ambo ya shamba la chai, na kila jioni kabla ya kufunga nasimama mlangoni napaaza sauti: "Linet! Weka maji!" Naye huitika kutoka jikoni: "Eee!" Tulikuwa hatujamaliza mwaka katika ndoa. Hakuna kitu nilichokipenda duniani kama ile "eee" yake, na sioni haya kulisema.

Jioni hiyo sikuwahi kumwita.

Mama mmoja mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pikipiki. Sikumsikia akija.

"Bwairire, mwanangu."

"Bwairire, mama. Lakini tumefunga."

"Naitwa Bathsheba. Nimetoka Nyamarambe. Ekzosi inavuja. Nizibie kabla jua halijazama."

Nyamarambe! Kutoka huko hadi kwetu amewapita mafundi wangapi? Tena mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, barabara ilikuwa tope tupu, lakini viatu vyake vya kanisani vilikuwa vyeupe pee. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mgeni wa jioni namwangalia miguu kwanza.

"Ni ya nani hii?"

"Ya mwanangu, Manasseh. Tulimzika."

Habari za Manasseh zilikuwa zimefika hata kwetu. Aliinuka kwenye chakula, akasema anaitwa nje, na asubuhi wakamkuta mtaroni amekufa bila hata mkwaruzo. Watu wa kwao walinong'ona kwamba mama yake ni omorogi, mchawi, na kwamba amemla mtoto wake mwenyewe. Sasa huyo huyo alikuwa amesimama mlangoni pangu.

Ningemfukuza. Lakini mchawi ukimfukuza umemchokoza, heri umalizane naye upesi.

Nikaiwasha.

Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ya masikio. Unaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, moshi unakosa njia, unatokea penye ufa. Nikaziba. Nikainama, sikio karibu na kiungo.

Pu... sss. Pu... sss.

Moshi ulinuka petroli, na ndani yake kulikuwa na harufu ya nywele zinazoungua.

Mo... sss. Mo... sss.

Nikajiambia ni masikio yangu tu.

Mo... se. Mo... se.

Jina langu. Ilikuwa sauti ya kijana, ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya shamba, bila haraka.

"Ee?"

Lilinitoka tu! Marehemu mama yangu alinifundisha tangu utotoni: ukiitwa magharibi na usiyemwona, nyamaza mpaka uone uso. Najua hilo vizuri. Lakini nani angedhani kwamba ekzosi nayo inataka kuonwa uso?

Pikipiki ikazimika yenyewe.

"Umeitika?" Bathsheba akanong'ona.

"Yaya," nikakataa.

"Nimeona midomo yako."

"Nilikuwa napiga miayo."

Akanishika mkono. "Mwanangu, usinifiche. Manasseh aliitwa na sauti ya aliyekuwa na pikipiki hii kabla yake, akaitika. Sasa inaita kwa sauti ya Manasseh. Kama hujaitika, ziba, mwanangu anyamaze, apumzike. Lakini kama umeitika, usizibe. Utaifungia sauti yako humo, nayo itatafuta mlango mwingine."

Nikamtazama. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini hata machozi nilikuwa siyaamini. Nani asiyejua kwamba mchawi anataka ukiri kwa mdomo wako mwenyewe? Ukisema ndiyo, umejikabidhi.

"Sijaitika," nikasema.

Nikashika bomba kulifungua. Lilikuwa baridi, na pikipiki imetoka kuwaka sasa hivi. Nikalikwangua kwa msasa, nikalipangusa kwa petroli, nikazungusha gundi, nikakaza nati. Sijawahi kuziba kiungo vizuri namna ile. Hofu humfanya mtu awe fundi kweli.

"Usiwashe hadi Jumapili," akasema.

"Hayo ndiyo mimi huwaambia wateja."

Akaondoka, pikipiki akaniachia. Nikafunga kufuli, nikasimama kumwita Linet.

Mdomo ulifunguka. Kilichotoka kilikuwa upepo, kama wa tairi iliyochomwa na msumari.

Nikalaumu moshi. Nyumbani Linet alinicheka. "Leo umenichunia? Maji nimeweka kwa kukisia tu." Akanichemshia chai ya tangawizi.

Sabato, kanisani, tukasimama kuimba. Mimi ndiye besi ya kwaya. Nikavuta pumzi... kimya. Linet akanitupia jicho kutoka upande wa akina mama. Ulimini nilikuwa na ladha ya gundi. Naijua gundi inavyokauka: inaanza ngozi ya juu, halafu inaingia ndani polepole. Koo langu lilikuwa linakauka hivyo hivyo. Mchana nilinong'ona. Jua lilipokaribia kuzama, hata kunong'ona kulikuwa kumekwisha.

Nikachukua msumeno, nikakimbilia kibandani nikaikate ile ekzosi.

Kufuli lilikuwa vile nilivyolifunga. Nikafungua.

Pikipiki haikuwemo.

Kitambaa changu tu kilikuwa sakafuni, kikinuka nywele zilizoungua.

Nikatoka nje. Linet alikuwa chini, pembeni mwa chai, anachuma managu, mboga ya jioni. Nilikiona kitambaa chake cha njano kichwani.

Kisha nikajisikia mwenyewe.

"Linet!"

Sauti yangu! Ilitoka bondeni, kwenye chai, kule mtoni.

"Linet! Weka maji!"

Nikapiga kelele kwa nguvu zote za kifua. Upepo mtupu. Nikakimbia, chai inanichana miguu, naomba Mungu asimwache asikie, naomba awe kiziwi mke wangu, dakika moja tu...

"Eee!" akaitika, kwa furaha.

Nilimshika akiwa ameshaanza kuteremka. Akanitazama, akatazama bondeni. Tabasamu likamtoka polepole.

"Kama wewe uko hapa," akanong'ona, "nimemwitikia nani?"

Ndugu yangu Cleophas alikwenda Nyamarambe kuniulizia. Alimkuta Bathsheba kitandani. Wa nyumbani kwake waliapa kwamba hajainuka hapo tangu mazishi. Mama huyo hakuuliza Cleophas ni nani wala katumwa na nani. Aliuliza neno moja tu: "Aliitika?"

Mpaka leo sijui kama alinionya au alinitega. Namshuku bado. Nikiacha kumshuku, nitabaki na nani wa kulaumu?

Sauti haijarudi. Magharibi ikifika namtia Linet pamba masikioni, namfunga na mimi kwa leso, kiuno kwa kiuno, kwa sababu huinuka. Huinuka akitabasamu, anasema namwita nje.

Basi nakaa naye, nategea sikio barabarani. Ingekuwa bado inavuja, ningeisikia ile pikipiki ikija, ningekaza fundo mapema. Lakini kiungo nilikiziba mwenyewe, na kazi yangu haivuji.