Jina la Mwisho Ubaoni

Mtoto alinyamaza ghafla, na hilo ndilo lililomtisha Jelagat.

Tangu watoke Kitale asubuhi alikuwa akilia, kilio cha mtoto wa miezi miwili ambaye hata jina hana. Kwa akina Jelagat, Wakalenjin, mtoto huitiwa majina ya marehemu wa ukoo mpaka apige chafya. Kwa akina mumewe Wanjala, Wabukusu wa Bungoma, huitiwa mpaka aache kulia, na jina lililomnyamazisha ndilo lake. Nyanya zake wawili walikuwa bado wanavutana nani aanze kuita, basi mtoto akabaki Bebi tu. Wakubwa nao wana mambo!

Wanjala alikuwa mtu wa kupenda kutembea na kuona. Wenzake huenda kutazama simba. Yeye akampeleka mkewe na mwanawe kutazama stesheni ya zamani kule mpakani, mbele ya Bungoma. Ilikuwa imefungwa miaka mingi, reli imemezwa na nyasi. Nyuma yake ulipita ua wa seng'enge, na askari wenye bunduki walikuwa kila mahali. Mmoja wao, Kiplangat, alikagua vitambulisho vyao mara mbili.

"Picha pigeni ya nyumba tu," aliwaonya. "Upande wa ua, hapana. Na huko ndani msikae sana."

"Kwani kuna nini?" Wanjala akauliza.

"Si nimesema tu, bana."

Ndani, ukutani, palikuwa na ubao wenye majina ya mastesheni masta wa zamani. Wanjala alikuwa amembeba mtoto, na kile kilio kilikuwa kimemfika shingoni. Akaanza mzaha wake. "Ngoja nikuitie hawa wazee," akasema, akasoma jina moja baada ya jingine huku akimrusharusha. Mtoto alilia tu, mpaka likafika la mwisho.

"Gachanja?"

Mtoto akanyamaza. Kisha akapiga chafya.

"Wanjala! Umefanya nini?"

"Ai, Jela, si ni mchezo tu."

"Jina haichezewi! Unajua huyo ni nani? Unajua alikufa namna gani?"

Harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumbani, nzito, na nje kwenye reli ile iliyokufa mtu akapuliza filimbi. Kiplangat alikuwa amefika mlangoni, lakini hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Nani ametaja hiyo jina?" alinong'ona. "Hapa haitajwi. Huyo mzee alipotea akiwa zamu, hakuzikwa. Kuna kitu ilichukua jina yake. Ukiita, inaitika."

Walirudi Kitale, na mtoto hakulia tena. Hakulia kwa njaa wala kwa baridi, na alipoitwa mwanangu alikaza midomo na kuligeuzia titi kisogo. Daktari hakuona ugonjwa, mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka, na kila alasiri harufu ya mafuta ya taa ilipoingia sebuleni na filimbi ikalia mahali fulani karibu sana, mtoto alifungua macho, akamfuata kwa macho mtu asiyeonekana kutoka mlangoni hadi kitandani, akatabasamu polepole, tabasamu la mtu mzima, huku mama yake amesimama kando na matiti yamejaa maziwa mpaka yanamuuma.

Siku ya nne akaja Nakhungu kutoka Sirisia, shangazi yake Wanjala, au senge kama Wabukusu wasemavyo, ambaye watu wa kanisa humcheka mchana kweupe na kumwendea kwa mlango wa nyuma. Alinusa utosi wa mtoto, akatema mate.

"Hii si ya ukoo. Ni jini imevaa jina ya mtu, inatafuta mwili. Mrudisheni pale pale. Aliyeita jina aiombe imwingie yeye. Na ikishatoka kwa mtoto, mtu asiitaje tena hiyo jina mtoto akiwa anasikia. Itamrudia, na hapo sina dawa."

"Na kama sikubali, senge?" Wanjala akauliza kwa sauti ndogo.

"Mtoto hafiki Jumapili."

"Ni mimi niliita," Wanjala alimwambia mkewe njiani. "Si wewe, si yeye." Jelagat alimshika mkono na hakuuachilia mpaka stesheni. Alimpenda mwanamume huyu, na mizaha yake yote.

Safari hii Kiplangat hakuuliza vitambulisho. Wanjala aliweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe mbele ya ule ubao. "Gachanja," akasema, "mwache mtoto. Mimi niko hapa."

Filimbi ikalia ndani ya chumba, masikioni mwao. Mtoto akapiga yowe, kisha akalitafuta titi, akanyonya kwa pupa, na Jelagat akacheka na kulia kwa pamoja. Alipoinua macho, Wanjala hakuwa kando yake. Alikuwa ametokea mlango wa upande wa reli, anatembea mgongo umenyooka, mkono mmoja juu kama anayesimamisha treni, moja kwa moja kuelekea kwenye ua.

"Simama!" askari wakafoka. Bunduki zikakokiwa.

"Wanjala!" Jelagat akaita. "Wanjala, rudi!"

Hakugeuka.

"Mama, mwite na ile jina!" Kiplangat alimsihi, machozi yakimlengalenga. "Hiyo ndiyo anasikia saa hii. Mwite, watampiga!"

Jina lilikuwa mdomoni. Alilisikia juu ya ulimi, tayari kabisa, na mtoto alikuwa kifuani, masikio wazi, ananyonya. Akauma midomo mpaka ikatoa damu.

"Simama!" wakafoka tena.

Bunduki zikalia. Mtoto akashtuka, akaachia titi, akalia kwa nguvu zake zote, na mama yake, akijichukia, akamshukuru Mungu kwa kile kilio.