Nilichonyonya kwenye Tangi la Pijo

Haki ya Mungu, na kaburi la mama yangu, nikiongeza humu chumvi hata punje moja, mkono huu unaoshika spana ukauke hapahapa mnauona! Watu wa Kibiti wananijua. Mie fundi Mshamu sikukanyaga darasa hata siku moja, lakini injini ikikohoa Ikwiriri, mie nikiwa kitandani Kibiti najua inaumwa nini. Basi nisikilizeni. Na anayekula, aweke sahani pembeni kwanza.

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Ruksa ya biashara imeshaingia, kila mwenye vijisenti ananunua gari chakavu. Mwalimu Lucas, mtu wa bara anayefundisha kijijini Mtawanya, naye akanunua yake. Pijo 504 ya zamani, ile ya injeksheni. Kauziwa na Bi Mwanahalima, mkunga wa kijiji, mjane wa marehemu Mtoro, yule tajiri aliyekuwa akisomba kamba wa baharini kutoka Salale kupeleka mjini. Gari imelala bandani miaka sita, kuku wanataga kwenye siti.

Siku moja jua linazama, mwalimu huyo, kaja kunifuata mbio na baiskeli.

"Fundi, mke wangu Recho ana uchungu tangu jana. Bi Mwanahalima kashika vichwa viwili, mapacha, na wa kwanza kalala kingamo. Asipofika hospitali leo nawapoteza wote watatu."

"Na ile Pijo?"

"Betri nimeazima, petroli nimetia lita tano. Lakini mipira ya pampu imechomolewa yote. Sijui upi uende wapi."

Nikacheka. "Nyie mnasoma vitabu, mwalimu. Sie tunasoma vyuma. Nipe dakika tano."

Pampu ya gari ile ipo nyuma, chini, jirani na tangi. Mipira mitatu. Mmoja unatoa petroli tangini, mmoja unaipeleka injini, mmoja unarudisha iliyobaki. Ukikosea, haiwaki hata uite mashekhe. Na yote imefanana, myeusi, mikavu. Wenye shule wana vipimo vyao. Kipimo chetu sie mdomo. Unanyonya. Ukija upepo, siyo wenyewe. Ikija petroli, unatema, unafunga. Petroli niliyokwisha kumeza mie inakupeleka Lindi na kukurudisha.

Tulipofika kwake nikalala chali chini ya gari. Kutoka ndani ya nyumba namsikia Recho anavyougulia.

Mpira wa kwanza, upepo.

Wa pili, upepo.

Wa tatu...

Kwanza harufu. Kamba. Siyo kamba wabichi, hapana. Kamba waliokaa ndooni siku tatu juani mpaka wakawa uji. Nikasema panya kafia mle. Nikanyonya kwa nguvu.

Kikaja kitu cha moto.

Kizito. Cha chumvi. Kinateleza kama kamasi la mtu mzima mwenye mafua, kikanijaa mdomo mzima. Nataka kutema, mara nasikia unywele umenasa kwenye meno. Nikaushika kwa vidole, nikauvuta. Nikavuta... nikavuta... pima tatu, wallahi! Umepakwa mafuta ya nazi, bado unanukia.

Halafu mpira ukaninyonya mie.

Naam. Mie nimeacha, wenyewe unaendelea. Umeushika ulimi wangu, unavuta taratibu, kwa ufizi, kama kichanga kwenye titi.

Chwp... chwp... chwp...

Nikajinasua, ngozi ya ulimi ikabaki mlemle. Nikatapika ugali wa mchana. Kilichofuata baada ya ugali sikukitambua mpaka leo.

Nikaona miguu. Bi Mwanahalima kachuchumaa upande wa pili, kanga imelowa maji ya uzazi.

"Umetia mdomo?" ananong'ona.

"Nimetia, bibi."

"Yarabi! Mate yako kimeshayapata." Akatazama nyuma, akasogea. "Mume wangu alikitoa kitu hicho kule mikokoni, Salale, akakitia tangini. Petroli ilipokuwa haionekani, gari ya nani ilikuwa inasomba kamba kila siku? Yake peke yake. Alipochoka nacho akachomoa mipira. Tulimkuta chini ya gari hii hii, hapo ulipolala weye. Mdomo wazi."

"Na bado ukamuuzia mwalimu!"

"Mwalimu, mtu wa kanisani, hanyonyi mipira, mwanangu. Nilijua ataita fundi?"

Recho akapiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza.

"Kinasubiri neno lako," akasema bibi. "Kiahidi, gari iwake. Au nenda zako, tukamchimbie yule binti wa watu kaburi."

Ndipo nikafanya kosa. Sie watu wa huku tunaahidi ovyo. Mtoto akiumwa unaweka nadhiri ya mbuzi, akipona unapeleka kuku, mambo yanaisha. Nikadhani ni yale yale. Nikaurudisha mpira ule mdomoni, nikanong'ona, "Washa. Ukitufikisha, chukua utakacho."

Sikusema mbuzi. Sikusema kuku.

Utakacho.

Mpira ukatulia kama uliolala. Nikaifunga yote mitatu, nikakaza klipu. Mwalimu akapiga swichi mara moja tu, gari hiyo! Ikanguruma kama imetoka melini jana. Tukaupita mchanga wa Mtawanya kama lami. Mwalimu anaendesha, mie pembeni yake, Recho nyuma na Bi Mwanahalima.

Karibu na hospitali, Recho akaacha kuugulia.

"Bibi," akasema polepole, "mbona tumbo jepesi?"

Nikageuka. Bi Mwanahalima anampapasa tumbo kwa mikono yote miwili, haraka haraka, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea kwenye kikapu. Na chini ya siti yao, huko kwenye pampu...

Chwp... chwp...

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume. Nesi Elinipendo akamsubiri wa pili. Akasubiri. Akashika tumbo, akashika tena. Akatoka na beseni, uso umempauka.

"Kondo za nyuma mbili," akasema. "Vitovu viwili. Mtoto mmoja."

Kile kitovu cha pili nilikiona mwenyewe. Hakikukatwa. Kilikuwa kimelainika nchani, kimebonyezwabonyezwa, kama kilichotafunwa na asiye na meno.

Daktari akasema hutokea, pacha mmoja humezwa na mwenziwe tumboni. Sawa. Yeye kasoma. Asubuhi mwalimu akapima tangi kwa kijiti, lita zake tano zimo zote. Na kijitini kumeganda vipande vyeupe, kama maziwa aliyocheua mtoto mchanga.

Mwalimu Lucas, kwa furaha, kampa mtoto jina langu. Mkristo mzima, anaitwa Mshamu! Kila Krismasi ananiletea debe la mchele, anasema mbele za watu, "Huyu ndiye aliyenipa mwana." Nami napokea, nitafanyaje? Recho husimama nyuma yake. Usoni haniangalii.

Ananiangalia mdomo.

Basi mmesikia. Nawaomba, jamani, kwa hisani yenu, lisitoke hapa. Mwenye kulisema alisemee shimoni. Recho hajaniuliza bado mwanawe wa pili yuko wapi, na siku akiniuliza sijui nitamjibu kwa mdomo gani.